Miaka minane ya chaki isiyoonekana kwenye hati ya mshahara: kisa cha mwalimu wa fizikia aliyehamia serikalini

Kisa hiki kimeondolewa jina la mwalimu, la shule zote mbili na la halmashauri. Makato yamekokotolewa kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwezi husika, na ngazi za mshahara zinazotajwa ni zile za kabla ya mabadiliko ya Julai 2022.

Usuli

Mwalimu K. ana shahada ya elimu, masomo ya fizikia na hisabati. Januari 2013 aliajiriwa na shule binafsi ya sekondari jijini Mwanza na akafundisha hapo hadi mwisho wa Mei 2021. Hiyo ni miaka minane na miezi mitano, au miezi 101 ukihesabu kama wanavyohesabu watu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Alipoondoka, mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 900,000. Shule ilimkata asilimia 10 ya NSSF na kodi, basi. Mkononi alibaki na 727,000.

Mkopo wa elimu ya juu alikuwa nao tangu chuoni, lakini mwajiri hakuwa akiukata wala kupeleka jina lake Bodi ya Mikopo. Kwa miaka yote minane K. aliuchukulia mshahara ule kuwa ndio kipato chake halisi, wakati sehemu yake ilikuwa deni lisilokusanywa. Hili lina uzito mkubwa kwenye kisa hiki kuliko mwenyewe alivyodhani.

Kilichomsukuma kuomba serikalini ni mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Shule ile huishi kwa ada. Ada haikuingia, na walimu hawakulipwa Aprili, Mei wala Juni. Mtu mwenye mke, watoto wawili na chumba cha kupanga Nyegezi hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya ajira ya kudumu.

Wakati huo walimu waliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI na kupangiwa vituo bila usaili (siku hizi hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira). K. alipangiwa sekondari ya kata katika halmashauri iliyo magharibi mwa Ghuba ya Mwanza. Kutoka mjini wakati huo ilikuwa ni kuvuka kwa kivuko, kisha basi, kisha pikipiki. Alitakiwa kuripoti ndani ya siku 14, na akaripoti mwanzoni mwa Julai 2021.

Yaliyotokea

Siku ya kuripoti alikuwa na vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, na juu ya hivyo barua nzuri ya uzoefu kutoka shule ya awali, iliyogongwa mhuri na kuambatanishwa matokeo ya fizikia ya kidato cha nne kwa miaka sita. Afisa Utumishi aliisoma yote, akaikunja.

"Mwalimu, hii nitaiweka kwenye jalada lako, haina shida," alimwambia. "Lakini kwenye mfumo hakuna mahali pa kuijaza."

K. alisikia nusu ya kwanza tu ya sentensi ile. Barua ya ajira aliyoisaini siku hiyo hiyo ilitaja cheo cha kuanzia, ngazi ya TGTS D.1 (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu serikalini), muda wa majaribio wa miezi 12, na kwamba mshahara utaanza kulipwa tangu tarehe ya kuripoti. Alisaini akiamini ngazi ile ni ya muda tu na ingerekebishwa jalada likishasomwa.

Hati ya kwanza ya mshahara wa mwezi mzima ilisomeka hivi:

Mshahara wa msingi: 716,000
PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5: 35,800
Kodi ya mapato: 52,040
Bima ya afya NHIF asilimia 3: 21,480
Chama cha walimu asilimia 2: 14,320
Bodi ya Mikopo asilimia 15: 107,400
Mkononi: 484,960

Ameshuka kwa shilingi 242,040 kwa mwezi. Kodi yenyewe ilikuwa imelegezwa kidogo: kwenye Mei Mosi ya mwaka huo, hapo hapo Mwanza kwenye uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia alitangaza kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kishuke kutoka asilimia 9 hadi 8, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu iondolewe. Bila hayo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Kilichomuuma si hesabu peke yake. Kwenye orodha ile ile ya waliopangiwa halmashauri ile alikuwamo kijana aliyemfundisha fizikia, aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2013. Walikutana kwenye benchi la masijala wakisubiri kufunguliwa majalada. Kijana akainuka, "Shikamoo mwalimu," akampisha akae. Wote wawili waliandikwa TGTS D.1.

Oktoba 2021 K. aliandika kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mkuu wa Shule: YAH: OMBI LA KUREKEBISHIWA NGAZI YA MSHAHARA KUTOKA TGTS D KWENDA TGTS E. Aliomba pia malimbikizo tangu Julai. Akaambatanisha barua ya uzoefu, matokeo yale ya miaka sita, na kurasa nne alizochapisha kutoka mtandaoni zinazoeleza jinsi wilaya za elimu za Marekani zinavyompanga mwalimu mgeni kwa kuhesabu miaka aliyofundisha kwingine.

Jibu lilikuja Januari 2022, aya mbili. Ngazi aliyopewa ndiyo ya kuingilia kwa mwenye shahada kwa mujibu wa muundo wa utumishi. Ngazi ya juu yake hufikiwa kwa kupandishwa cheo. Aliikubali kwa saini yake. Ombi halikubaliki.

Hapo ndipo maneno ya chumba cha walimu yalipoingia. Shule ya jirani kulikuwa na mwalimu, tumwite Mama B., aliyeanza kufundisha sekondari mwaka ule ule wa 2021 lakini akilipwa zaidi ya D.1. "Huyo kahesabiwa uzoefu, wewe umenyimwa," wenzake walimwambia. K. alivuka maji mara tatu kufuatilia suala hilo, kila safari ikimla siku nzima na vipindi vinne vya kidato cha tatu.

Kumbe Mama B. hakuajiriwa upya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu miaka ya 2000, akapanda madaraja, akaenda kusoma shahada kwa ruhusa ya mwajiri, akarudi na kubadilishiwa kada kwenda sekondari. Namba yake ya hundi, ile tuiitayo cheki namba inayomtambulisha mtumishi kwenye mfumo wa mishahara, ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza kazini. Ngazi ya kuingilia ya kada mpya ilikuwa chini ya mshahara aliokwisha kuufikia, kwa hiyo akaruhusiwa kuendelea na mshahara wake kama mshahara binafsi mpaka cheo kipya kiufikie. Yeye na K. walikuwa kwenye njia mbili tofauti kabisa.

Maamuzi na sababu zake

Kufikia Machi 2022 K. alikuwa na mambo matatu ya kuchagua: kukata rufaa juu ya ngazi, kurudi shule binafsi, au kubaki na kuutumia uzoefu mahali ambapo mfumo unaupokea.

Rufaa aliiacha baada ya kukaa na mtu aliyemfanyia hesabu kwa kalamu. Tuiweke hapa kwa sababu walimu wengi hudai ngazi bila kuipigia mahesabu. TGTS E.1 wakati huo ilikuwa 940,000, tofauti ya 224,000 kwa mwezi. Lakini makato hupanda nayo: PSSSF 47,000, kodi 101,250, NHIF 28,200, chama 18,800, Bodi ya Mikopo 141,000. Mkononi zingebaki 603,750. Angeongezewa 118,790 tu, na bado angekuwa chini ya ile 727,000 ya shule binafsi. Kwa maneno mengine, hata angeshinda kesi yote, pengo aliloliona lisingezibika.

Sababu ni kwamba pengo lenyewe halikutokana na ngazi peke yake. Mshahara wa msingi ulishuka kwa 184,000. Bodi ya Mikopo ikaongeza 107,400, bima na chama 35,800. Upande wa pili, mchango wa pensheni ulipungua kwa 54,200 na kodi kwa 30,960. Ukijumlisha na kutoa unapata 242,040 ile ile. Karibu nusu ya maumivu yalikuwa mkopo ambao angepaswa kuwa anaulipa tangu 2013.

Kurudi shule binafsi alikukataa kwa sababu ya 2020. Hapo hatuna la kuongeza.

Akabaki. Akaamua mambo manne, moja likiwa kosa.

La kwanza lilikuwa uthibitisho kazini. Miezi 12 ya majaribio ilikuwa inaisha Julai 2022, na uthibitisho hutolewa na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, kupitia ofisi yake ya wilaya. Mapendekezo huanzia kwa Mkuu wa Shule. Mei 2022 K. alimkumbusha mkuu wake kwa mdomo, Juni kwa maandishi. Karatasi zilikaa shuleni hadi Agosti kwa sababu mkuu alikuwa akisubiri azikusanye za walimu wote watatu wapya azipeleke kwa safari moja. Barua ya uthibitisho ikafika Novemba, ikionyesha kwamba amethibitishwa kuanzia Novemba. K. aliandika TSC wilaya akiambatanisha barua ya ajira na fomu ya kuripoti, na Februari 2023 tarehe ikarekebishwa kuwa Julai 2022. Mwalimu mwenzake kwenye kundi lile hakuandika. Barua yake ilibaki hivyo hivyo.

La pili, michango ya NSSF. Mpango wake wa awali ulikuwa kuichukua yote, ajengee banda la kuku. Ofisi ya NSSF Mwanza ilimweleza kwamba tangu sheria za mwaka 2018 mtu hachukui mafungu yake kwa sababu tu ameacha kazi. Lipo fao la kukosa ajira, na yeye ana ajira. Ilikuwa bahati kwake. Ndipo alipoomba taarifa ya michango, akakuta miezi 86 badala ya 101.

La tatu, nafasi za uongozi shuleni. Shule ilikuwa na walimu wawili wa sayansi, yeye akiwa mmoja. Mwaka wa kwanza akawa mkuu wa idara, wa pili mwalimu wa taaluma. Nafasi hizo hazina posho ya serikali, lakini ndizo zinazoangaliwa pale wanapotafutwa makamu na wakuu wa shule, na mkuu wa sekondari hupata posho ya madaraka ya 250,000 kwa mwezi. Kwenye mapendekezo hayo ndipo ile barua ya uzoefu, iliyolala kwenye jalada tangu 2021, ilipotolewa na kusomwa kwa mara ya kwanza.

La nne ndilo kosa. Mwaka 2024 mkuu wa shule alihamishwa, na K. akaambiwa kwa simu "shika shika hapo kwa muda". Alishika miezi mitano: akasaini hati za malipo, akakagua mitihani ya mchujo, akapokea wageni wa wilaya. Hakuwahi kupewa barua ya kukaimu. Mkuu mpya alipofika, K. alidai posho ya kukaimu na akaulizwa swali moja tu: barua iko wapi?

Mwaka huo huo alipoteza muda mwingine kwenye mserereko. Serikali ilikuwa ikiwapandisha kwa mserereko watumishi ambao vyeo vyao vilikwama, hasa kutokana na zuio la mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, ili wafikie pale ambapo wangekuwa. K. aliandika akiomba naye aserereshwe kwa miaka yake minane. Mserereko humrudishia mtumishi cheo alichostahili akiwa ndani ya utumishi. Yeye mwaka 2016 hakuwa na cheki namba.

Matokeo

Kwenye mwaka wa fedha 2024/25 K. alipandishwa kwenda TGTS E. Tarehe ya cheo ilikuwa Machi, mfumo wa mishahara ukasoma mabadiliko Mei, na malimbikizo ya miezi miwili aliyapata bila kusumbuana kwa sababu alirudisha fomu ya kukubali cheo ndani ya wiki ile ile. Kijana aliyemfundisha alipandishwa kwenye orodha hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Yule mwenzao ambaye hakurekebisha tarehe ya uthibitisho hakuwemo.

NSSF ilirejesha miezi 9 kati ya 15 iliyokosekana, na sasa taarifa yake inasoma miezi 95. Posho ya kukaimu hakuipata. Ngazi yake ya kuanzia ilibaki D.1 kama ilivyoandikwa siku ya kwanza.

Uchambuzi

*Kwa nini uzoefu wa nje haukuhesabiwa.* Miundo ya utumishi serikalini huandikwa kwa sehemu mbili: kuingia moja kwa moja, na kupandishwa cheo. Kwa mwalimu wa shahada, mlango wa kuingia ni mmoja, TGTS D. Wa stashahada ni C, wa cheti ni B. Kinachopimwa mlangoni ni cheti. Ngazi za juu zina mlango wa ndani tu, na ufunguo wake ni muda katika cheo, utendaji uliopimwa (zamani kwa mfumo wa OPRAS, siku hizi PEPMIS) na nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mwaka. Aliyefundisha miaka minane mahali pengine na aliyetoka chuoni juzi huingia kwa mlango mmoja. Unaweza kuona hilo si haki, na sisi tunaona lina hasara kwa masomo kama fizikia ambako walimu wazoefu ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini Mkurugenzi wa halmashauri hana mamlaka ya kulibadili, na kumwandikia yeye ni kugonga mlango usio na mtu ndani.

Zile kurasa nne za Marekani zilikuwa na ukweli wake. Huko wilaya nyingi za elimu zina jedwali lenye ngazi za miaka upande mmoja na viwango vya elimu upande mwingine, na mwalimu anayehamia hupewa miaka ya nje, mara nyingi kwa ukomo fulani. Kila wilaya hujiwekea jedwali lake, tena mara nyingi kwa makubaliano na chama cha walimu. Hapa jedwali ni moja kwa nchi nzima na hupangwa Utumishi, ofisi ya serikali kuu inayosimamia watumishi wa umma, kwa hiyo hapana wa kujadiliana naye mezani siku ya kuripoti. Hoja ya K. ilikuwa nzuri, ila aliipeleka ofisi isiyohusika.

*Uzoefu wa ndani ya serikali huhesabiwa, lakini kwa kuwa haukukatika.* Mama B. hakulipwa zaidi kwa sababu alifundisha miaka mingi; alilipwa zaidi kwa sababu hakuvunja mnyororo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwaambia wazi watumishi wenye sifa za kuingia kada nyingine kwamba wapitishe barua za maombi kwa waajiri wao. Wapo wanaoona njia hiyo ndefu, wakaomba kama watu wa mtaani, wakapata. Halafu mfumo wa mishahara unakataa kumfungulia mtu mmoja cheki namba ya pili, mshahara unasimama miezi kadhaa, na kwa kutatua tatizo mtu analazimika kujiuzulu kazi ya kwanza na kuanza D.1 huku miaka kumi ya nyuma ikibaki bila mwenyewe. Mwalimu wa msingi mwenye shahada mpya asubiri kubadilishiwa kada hata kama inachukua miaka miwili. Kinachochelewesha mara nyingi ni ikama: nafasi ya kada mpya lazima iombwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, na bajeti huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Barua inayofika Aprili imeshachelewa mwaka mzima.

*Tarehe ya kuanzia si tarehe ya barua.* Kati ya yote aliyoyafanya K., lililomlipa zaidi ni barua fupi ya Desemba 2022 kwenda TSC. Kila barua ya kiutumishi ina tarehe mbili: ile iliyo juu kulia, na ile iliyo ndani, "kuanzia tarehe". Orodha za kupandishwa hutengenezwa kwa kuangalia ya pili. Ukipokea barua yoyote ya uthibitisho, cheo au kada, tafuta neno "kuanzia" kabla ya kuikunja, linganisha na barua ya ajira na fomu ya kuripoti, na kama haipatani andika wiki hiyo hiyo. Baada ya mwaka kosa linakuwa limeshaingia kwenye mfumo, na kulitoa kunahitaji vibali vya ngazi za juu zaidi.

*Ile 23.3 ya 2022.* K. na wenzake walitegemea nyongeza ya Julai 2022 ingeziba pengo, kwa kuwa tangazo la Ikulu la Mei mwaka huo lilisema asilimia 23.3. Kiwango hicho kilikuwa cha kima cha chini; ngazi za walimu wa shahada ziliongezwa kwa asilimia ndogo zaidi. Kadhalika ile 35.1 ya Julai 2025, iliyopandisha kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000. Usikope kwa kutegemea asilimia ya redioni.

*Pensheni ndipo miaka ya shule binafsi inapoishi.* Hapa K. alikuwa karibu kujikata mguu mwenyewe. Pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi 180 ya kuchangia. Michango yake ya NSSF peke yake haifiki hapo, lakini vipindi vya mifuko miwili vinaweza kujumlishwa, kwa hiyo ile miaka minane isiyoonekana kwenye mshahara itaonekana kwenye mafao. Kwa K., aliyeingia serikalini akiwa na miaka 33, muda unamtosha. Kwa anayeingia akiwa na 45, umri wa mwisho unaotajwa kwenye matangazo ya ajira, mpaka kustaafu kwa lazima akiwa na 60 ni miezi 180 kamili. Mwezi mmoja wa mshahara uliosimama na amekosa, isipokuwa ana michango ya nyuma ya kuunganisha.

Kuunganisha kunataka majina yafanane. NSSF ilimsajili K. kwa majina mawili, NIDA na PSSSF kwa matatu. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili na nakala ya kitambulisho zilimaliza hilo kwa safari mbili. Kazi kubwa ilikuwa ile miezi 15. Mitatu ni ya Aprili hadi Juni 2020: hakulipwa mshahara, hivyo hakukuwa na mchango wa kudai. Kumi na miwili ni ya 2015 na 2016, alikatwa na shule haikupeleka. Mkaguzi wa NSSF alihitaji ushahidi wa makato mwezi kwa mwezi, na K. alikuwa na hati za malipo za miezi tisa tu, zilizohifadhiwa na mkewe kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ndiyo maana ikarejeshwa tisa.

Mwalimu wa shule binafsi anayefikiria kuvuka, basi, achukue taarifa ya NSSF akiwa bado kazini, wakati mhasibu bado anamsalimia. Miezi inayokosekana adai hapo hapo. Achukue pia salio lake Bodi ya Mikopo, aanze kulihesabu kama limeshakatwa: asilimia 15 ya 716,000 haikuwa siri kwa mtu yeyote, na angeijua Mei 2021 asingesaini mkataba wa chumba kipya ng'ambo ya ghuba kwa kodi ile aliyosaini. Barua ya uzoefu aichukue pia, yenye tarehe kamili za kuanza na kuacha, masomo na nafasi alizoshika. Haitampandisha ngazi. Itasomwa siku anapotafutwa makamu wa shule.

*Kukaimu kwa simu.* Wengi hukubali kwa heshima, na ni vigumu kumwambia Afisa Elimu "naomba kwanza barua, mkuu". Njia iliyotumiwa na wengine bila kuvunja adabu ni kuandika wao: siku ya kwanza ofisini, peleka barua ya kuripoti kwamba umepokea maelekezo ya kushika nafasi kuanzia tarehe fulani na unaomba maelekezo ya maandishi. Nakala yako igongwe mhuri wa "imepokelewa" masijala. Ikijibiwa una dai, na isipojibiwa unaweza kuuliza tena mwezi unaofuata ukiwa na rejea. K. alikuwa na rekodi ya simu tu, na simu yenyewe ilikwisha kuangukia ziwani siku ya kuvuka.

Miezi mitatu ya mwisho ya NSSF bado iko kwenye jalada la mkaguzi. Mhasibu wa miaka ile alishaacha kazi shuleni, na vitabu vyake vya malipo vya 2016 havijaonekana.